Yaya hayumo kwenye fomu: kisa cha mtoto mmoja wa Cimpunda, Bukavu

Mtoto alikuwa na miezi kumi na tisa alipoingia kwenye orodha yetu ya watoto wa kutembelewa nyumbani na kuchezeshwa. Fomu ya kwanza, iliyojazwa Novemba 2022, inasema hivi: anasimama akishika ukuta, hatembei peke yake, hasemi neno lolote, hachekei wageni, utepe wa kupima unene wa mkono uko kwenye kijani. Kijani hicho nitakirudia, maana ndicho kilichotulaza usingizi.

Nakisimulia kisa hiki pamoja na makosa yangu kwa sababu wenzangu wanaoanza kazi ya namna hii wameniuliza mara nyingi: mtu anaanzia wapi? Majina yote nimeyaacha. Mama wa mtoto anajua kwamba naandika. Aliniambia niandike pia kwamba yeye si mvivu. Basi hilo liko wazi tangu hapa: si mvivu.

Kazi yetu ilikuwa ndogo. Reko watano, yaani wale wajitolea wa afya wa mtaani, na nyumba ishirini na nne katika mtaa wa Cimpunda, komini ya Kadutu, hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo. Mimi nilikuwa msimamizi wao. Kila reko alizitembelea nyumba zake mara moja kila wiki mbili, akiwa na mfuko wa vitu vya kuchezea vilivyotengenezwa kwa mikono. Alimwonyesha mama mchezo mmoja, wakaucheza na mtoto, akaacha kitu kimoja nyumbani, na safari iliyofuata akakibadilisha kwa kingine.

Hatukuubuni utaratibu huo. Ulianzia Kingston, Jamaika, mwaka 1986 na 1987, pale mtafiti Sally Grantham-McGregor na wenzake walipochukua watoto 129 waliodumaa, wa miezi 9 hadi 24, wakawagawa makundi manne. Wa kundi la kwanza walipewa kilo moja ya maziwa ya unga kila wiki. Wa pili walitembelewa nyumbani saa moja kila wiki kwa miaka miwili, wakachezeshwa pamoja na mama zao. Wa tatu walipata vyote viwili, na wa nne hawakupata lolote kati ya hayo. Wageni hao wa nyumbani hawakuwa madaktari. Walikuwa wanawake wa kawaida wa vituo vya afya, sawa na reko wetu, ila wao walikuwa na mshahara. Miaka ishirini baadaye watafiti waliwapata 105 kati ya wale 129. Waliotembelewa walikuwa wakipata kipato kinachozidi kile cha wasiotembelewa kwa asilimia 25. Maziwa yenyewe hayakuacha alama iliyoonekana kufikia umri huo. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2014, na tangu hapo si rahisi kukaa kwenye mafunzo ya malezi ya watoto wadogo usisikie habari za Jamaika.

Baada ya hapo dunia ilikwenda mbio. Mwaka 2016 jarida la Lancet lilitoa hesabu ya watoto milioni 250 walio chini ya miaka mitano katika nchi maskini na za kipato cha kati, asilimia 43 ya wote, waliokuwa hatarini kutofikia uwezo wao. Mei 2018, kwenye Mkutano Mkuu wa Afya Duniani, WHO, UNICEF na Benki ya Dunia walitoa mwongozo wa malezi wenye nguzo tano: afya, lishe, usalama, nafasi za kujifunza mapema, na mlezi anayemsikiliza mtoto na kumjibu. Hiyo ya mwisho ndiyo ngumu kuieleza. Reko wangu mmoja aliieleza vizuri kunizidi: mtoto akikutupia sauti, umrudishie.

Tulianza kazi na mfuko, na fomu, na imani kubwa.

Kijani

Bukavu ina jina lake la utapiamlo. Ni bwaki. Mtu mzima wa hapa akimtazama mtoto, jicho lake linatafuta miguu iliyovimba, nywele zilizogeuka rangi, uso uliojaa maji. Asipoviona, mtoto ni mzima. Utepe wa mkono nao unafikiri hivyo hivyo. Sentimeta 12.5 kwenda juu ni kijani, kati ya hapo na 11.5 ni njano, chini yake nyekundu na safari ya kituo cha afya. Mtoto wetu alikuwa na 13.1. Mama yake alikuwa akipelekwa nyumbani na kijani kila siku ya kipimo, na kila mara aliambiwa asante mama, endelea hivyo.

Tulipomlaza kwenye ubao, urefu wake ulikuwa sentimeta 75 na nusu. Mtoto wa kiume wa umri wake huwa karibu na 83. Amedumaa, na utepe wa mkono hauna namna ya kulijua hilo, kwa sababu unapima kukonda kwa leo, haupimi njaa ndogo ndogo ya miezi iliyopita. Si yeye peke yake: utafiti wa kitaifa wa 2017–2018 ulikuta watoto 42 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano nchini Kongo wamedumaa.

Kwenye mafunzo ya reko natumia zaidi habari za Lwiro kuliko za Jamaika. Lwiro, penye hospitali iliyowatibu watoto wenye utapiamlo, iko kaskazini mwa mji, upande wa Kavumu, na hapa Bukavu ni nadra kumpata mtu asiyemjua aliyelazwa huko utotoni. Watafiti walirudi kuwatafuta watu waliotibiwa utapiamlo mkali huko kati ya 1988 na 2007, sasa wakiwa watu wazima, wakawalinganisha na wenzao wa jirani ambao hawakuugua. Waliotibiwa walibaki nyuma kwenye majaribio ya akili na kwenye masomo. Wote hawa walitoka hospitali wakiwa hai, uzito umerudi, familia imeshukuru Mungu. Reko wakisikia hayo huacha kuniuliza kwa nini tunapeleka vikombe na vijiti kwenye nyumba ambazo zinaomba unga.

Kabla ya kusema mtoto amechelewa kuongea, kuna jambo la kuhakikisha, na hili naomba lisirukwe: masikio. Tulisimama nyuma yake tukakwaruza kijiko ndani ya kikombe, polepole, kulia kisha kushoto. Aligeuka pande zote mbili. Muuguzi akatazama ndani, hakuna usaha. Basi anasikia.

Jumapili sita

Nyumba ni ya mbao, kwenye mteremko, chumba kimoja kilichogawanywa kwa pazia. Mama anauza sambaza. Saa kumi za usiku anashuka ziwani kungoja mitumbwi irudi na taa zake, ananunua beseni, anapanda nalo hadi soko la Kadutu, na anauza mpaka ziishe kwa kuwa samaki asiye na barafu hamngoji mtu. (Sambaza si wa asili ya Ziwa Kivu. Waliletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, na leo hakuna anayeweza kuiwazia Bukavu bila wao.) Baba anachimba dhahabu Kamituga, na huja baada ya miezi. Watoto ni wanne: mvulana wa kumi na mbili na wa saba, wote wanasoma, msichana wa kumi, ambaye hasomi, na huyu mdogo.

Mama alikuwa hapatikani siku za kazi, nasi tukapanga kumtembelea Jumapili baada ya misa. Nilijivunia mpango huo. Nilisema tumemfuata mama kwenye nafasi yake. Na kwa kuwa chumba ni kidogo, na karatasi yetu ya maelekezo ilitaka utulivu ili mama na mtoto wasisumbuliwe, reko aliwaomba watoto wengine watoke nje.

Nilihudhuria ziara ya tatu na ya sita. Zilikuwa zinafanana. Mtoto anaketishwa kwenye kikwembe, yaani kitenge, katikati ya chumba. Mama, macho mekundu kwa usingizi, anachukua kikombe cha plastiki, anakificha chini ya kitambaa, anauliza kiko wapi. Mtoto anatazama kitambaa, anamtazama mama, kisha anatazama mlango. Anapewa kikombe, anakishika, anatazama mlango. Mama anaimba kidogo kwa aibu. Mtoto anatazama mlango.

Nilipouliza habari za kuongea, mama alicheka. "Huyu ananyamazaka sawa baba yake."

Fomu za ziara zote sita ziko mbele yangu ninapoandika. Mama amecheza na mtoto: ndiyo. Mama amemjibu mtoto: ndiyo. Kitu cha kuchezea kipo na kimetumika: ndiyo. Mabadiliko kwa mtoto: hakuna. Nilianza kuandaa barua ya kumpeleka kwa daktari wa watoto, nikidhani kuna jambo ndani ya kichwa chake ambalo sisi si watu wa kulitibu.

Robine

Ilikuwa Jumatano ya Februari, kama saa nne asubuhi. Nilikuwa nakwenda nyumba nyingine kabisa, mvua ikaninasa, nikajibanza chini ya bati la duka lililo mkabala na robine, yaani bomba la maji la mtaa. Mvua ilipopungua watu walirudi kwenye foleni, mabidoni, yaani madumu ya maji, ya njano yamejipanga hadi kwenye mfereji. Katikati ya foleni alisimama yule msichana wa kumi, kambeba mdogo wake mgongoni kwa kikwembe.

Hakuniona. Alikuwa akizungumza naye. Si kuzungumza kwa namna tuliyofundisha sisi, ya kumtazama mtoto usoni na kungoja. Hata uso wake hakuwa anauona. Alikuwa anasema tu, huku akisogeza bidoni kwa mguu. Hii ya nani? Ya njano. Na hii? Ya njano. Na hii? Mtoto akampiga mgongo kwa kiganja. Msichana akacheka, akasema ee, ya njano, umejua. Wakasogea. Mtoto akajinyoosha kuelekea bomba, akasema wazi kabisa:

"Mayi."

"Mayi inakuya, ngoja."

"Kuya."

"Ee, inakuya."

Nilisimama pale hadi mvua ikaisha na baada ya hapo. Nilihesabu maneno matano: mayi, kuya, apana, yaya, na la tano ni jina la mbwa wa muuza duka. Nilipovuka barabara na kuwasalimia, mtoto aliniona, akafunga mdomo, akaficha uso kwenye shingo ya dada yake. Nikamwuliza msichana tangu lini mdogo wake anasema. Alinishangaa kama mtu aliyeulizwa tangu lini jua linachomoza.

"Anasemaka, tantini! Ni wakati munakuyaka njo ananyamaza."

Kilichokosewa

Wasomaji wa Kenya na Tanzania wanisamehe hapa kwa maelezo ya neno moja. Kwao yaya ni mtu aliyeajiriwa kulea watoto. Kwetu yaya ni mkubwa wako wa kuzaliwa naye, na ndivyo unavyomwita maisha yote hata akiwa na mvi. Katika nyumba hii maana zote mbili zilikaa kwa mtoto mmoja wa miaka kumi. Alikuwa naye kuanzia saa kumi usiku mama alipotoka hadi mama aliporudi. Alimwosha, alimpikia uji, alimlaza, alikwenda naye robine. Na sisi, watu wa malezi, tuliofika na mfuko wa kufundisha jinsi ya kumjibu mtoto, kitu cha kwanza tulichofanya kila Jumapili ni kumtoa nje yule anayemjibu. Mtoto alikuwa anatazama mlango kwa sababu yaya yuko nyuma yake.

Kosa lina mizizi kwenye tafsiri. Vitabu vya WHO na UNICEF vinazungumzia mlezi, na miongozo ya WHO ya mwaka 2020 inataja wazazi pamoja na walezi wengine. Tulipogeuza karatasi zetu kwa Kiswahili cha mtaani, tuliandika mama. Hakuna aliyelalamika. Neno mama lilisikika vizuri zaidi, lina joto. Kwa neno hilo moja tukawa tunampima mtoto akiwa na mtu aliyechoka ambaye anamwona macho kwa macho jioni na Jumapili, mbele ya mgeni mwenye kalamu, na tukaandika kwamba hasemi.

Sitaki kueleweka kwamba utafiti wa Jamaika ulitudanganya. Sisi tuliiga saa, vikombe na fomu. Swali la mikono ya nani ndiyo inayomshika mtoto mchana, hilo tulilifunga kabla hatujafika mlangoni.

Na kudumaa kulikuwa kweli. Maneno matano kwa miezi ishirini na miwili ni machache pia. Mtoto hakuwa sawa na wenzake, hilo halikubadilika pale kwenye robine. Kilichobadilika ni kwamba nilijua sasa kamba ya kushika iko wapi.

Kosa la pili, ambalo ni langu zaidi

Kwenye kikao cha wiki iliyofuata reko mmoja alisema jambo lililoonekana dhahiri: basi tumfundishe yaya. Nilikubali mara moja. Nilikuwa hata na historia ya kuitetea hoja hiyo. Mwaka 1978 huko London, David Morley, yule yule daktari ambaye kazi yake katika kijiji cha Imesi-Ile nchini Nigeria iliwapa akina mama kadi ya ukuaji wa mtoto, alianzisha pamoja na Hugh Hawes mpango wa mtoto kwa mtoto, kwa ajili ya Mwaka wa Kimataifa wa Mtoto wa 1979. Walianza na ukweli ambao kila mtu wa kwetu anaujua: sehemu kubwa ya dunia, watoto wanalelewa na watoto. Mwishoni mwa miaka ya 2000 UNICEF iliutumia mpango huo kuwaandaa wadogo kwa shule, na Kongo yetu ilikuwa mojawapo ya nchi sita za majaribio.

Tukamfundisha. Alikuwa mwanafunzi bora kuliko mtu mzima yeyote niliyewahi kumfundisha. Alitengeneza mwenyewe manyanga kwa chupa ya plastiki na mahindi, akakaza kifuniko kwa mpira ulioyeyushwa. Nilipomwonyesha kipimo cha kitu kinachoweza kumkaba mtoto, kile kiini cha karatasi ya choo, kwamba chochote kinachopita ndani yake ni kidogo mno, alizunguka chumba kizima akijaribisha vitu. Vifuniko vya chupa za bia alivitupa nje vyote. Vifuniko vipana vya madumu ya mafuta vilibaki. Machi mtoto akaanza kutembea, kutoka kwa yaya hadi kwenye bidoni na kurudi.

Fomu zilipendeza sana mwezi huo.

Kisha nikagundua kwamba mama ameanza kuchukua beseni la pili, la alasiri, na kurudi usiku. Mwanzoni nilikasirika. Kumbe alikuwa amefanya hesabu ambayo mtu yeyote angeifanya. Watu wa proje wamekuja, wamempa msichana mafunzo na mfuko, wamemsifu mbele ya majirani. Basi hiyo ndiyo kazi yake sasa, na watu wenye vitambulisho shingoni wameithibitisha. Majirani walianza kumwita mwalimu. Jirani mmoja akamletea wa kwake pia, akae nao wote wawili. Mtoto wa miaka kumi, asiyesoma, alikuwa anaendesha nyumba ya kulelea watoto kwa baraka zetu.

Niliporudi kusoma ule mpango wa mtoto kwa mtoto ndipo nikaona nilichokiruka. Kwenye majaribio yale, wakubwa waliowaandaa wadogo walikuwa wanafunzi. Walitoka darasani, wakafundisha kidogo, wakarudi darasani.

Beseni la sambaza

Nilikwenda kuzungumza na mama sokoni, si nyumbani. Nilikaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, kati yake na mwenzake. Nilianza vibaya, kwa kusema kwamba elimu ya msingi ni bure tangu 2019 na kwamba msichana ana haki. Alinisikiliza akihesabu samaki kwenye sahani, akamwongezea mteja wawili, kisha akaniuliza:

"Nikibakia ku nyumba, tutakula nini? Michezo?"

Sikuwa na jibu, na kwa kweli jibu halikutoka kwangu. Lilitoka kwa yule mwenzake. Wanawake watano wa upande ule wa soko wana likelemba. Kila wiki wote wanatoa, mmoja anachukua. Mwenzake alikuwa anafukuza nzi kwa gazeti, na bila kunitazama akasema:

"Tunapokezanaka feza, tutashindwa kupokezana batoto?"

Ilichukua majuma matatu ya maneno. Wenye watoto wadogo walikuwa watatu; wawili waliobaki walikuwa na wajukuu. Kwa jumla watoto saba chini ya miaka minne. Ugumu haukuwa nia, ulikuwa siku. Anayebaki nyumbani anapoteza biashara ya siku hiyo, na biashara ya siku ni unga na makaa ya siku. Walimaliza wenyewe: atakayebaki, samaki wake watanunuliwa na kuuzwa na wanne waliobaki, kila mmoja fungu, na jioni anapewa chake. Jumatatu hadi Ijumaa, wanawake watano, kila mtu siku moja. Mahali palipatikana kwa bibi mjane mwenye ua uliosawazishwa, kitu adimu kwenye mteremko ule, na malipo yake ni sahani ya sambaza na yeye kuwa mwenye sauti ya mwisho kuhusu nani anapiga kelele.

Baadaye nilisoma kwamba Colombia ina nyumba za namna hiyo nchi nzima tangu miaka ya 1980, mama mmoja wa mtaa akiwapokea watoto wa majirani kwa msaada wa serikali, na kwamba Delhi, mwaka 1969, Meera Mahadevan alianza kuwalea watoto wa wanawake wajenzi pale pale kwenye viwanja vya ujenzi. Wanawake wa Kadutu hawakuhitaji kusoma hayo. Ila sisi tungeyasoma mapema, tusingepoteza majuma yetu kumi na mawili ya Jumapili.

Shule ilikuwa ngumu kuliko ua. Direkta alitaka tungoje Septemba. Bure ya masomo haileti sare ya bluu na nyeupe, wala madaftari, wala viatu. Likelemba ikamsogezea mama zamu yake mbele, sare ikashonwa, na Aprili baada ya Pasaka msichana akaingia darasa la pili, zamu ya mchana, akiwa mrefu kuliko wote kwa kichwa kizima. Asubuhi alimpeleka mdogo wake kwa bibi, akachota maji, saa sita akaenda shule.

Sisi nasi tulihamisha ziara. Reko akaacha nyumba ya Jumapili, akawa anafika uani Jumanne, kwa watoto saba na mwanamke yeyote mwenye siku yake. Ruhusa ya ofisi tuliomba baada ya kuanza. Silifichi hilo.

Halikwenda sawasawa. Mwezi wa nne mvua zilibomoa ukuta wa mmoja wa wale watano, na kabla hajasimama kukawa na msiba upande wa mwingine. Wiki mbili zamu ilikufa kabisa. Wiki hizo mbili msichana hakuonekana darasani, na nilipokwenda mwalimu alikuwa tayari na kalamu juu ya jina lake. Kwa mujibu wa kumbukumbu zangu, hakuna hata mmoja wa wale wavulana wawili aliyekosa siku.

Juni

Kipimo cha mwisho tulikifanya Juni 2023, mtoto akiwa na miezi ishirini na sita. Urefu sentimeta 79 na nusu. Bado yuko chini ya mstari, na sitarajii mwongozo wowote wa dunia umrudishie sentimeta zile zilizopotea kabla hatujamjua. Utepe wa mkono ulisema kijani kama kawaida. Anatembea, anapanda ngazi ya udongo kwa mikono na miguu. Maneno tuliacha kuyahesabu yalipofika arobaini kwa sababu reko alianza kubishana na bibi kama "apa" na "apana" ni mawili au moja. Sasa anasema mbele ya wageni, ingawa mimi bado ananiangalia kwanza.

Ripoti kwa wafadhili ilikuwa na safu ya akina mama waliofikiwa. Tuliandika idadi. Kulikuwa na safu ya akina baba, tukaandika sifuri kwa nyumba hii. Kamituga ni mbali, na tungeweza kumpigia simu, hatukumpigia. Safu ya yaya haikuwepo. Niliongeza mistari mitatu chini ya jedwali, na ripoti iliporudi kutoka juu mistari ile ilikuwa imeondolewa ili jedwali lienee kwenye ukurasa mmoja. Fungu la fedha liliisha mwezi huo huo. Ua wa bibi uliendelea, maana haukuwa unaishi kwa fedha zetu.

Nilipita siku ya kuaga, jua likiwa limeshuka upande wa ziwa. Msichana alikuwa ametoka shule, sare bado mwilini, vumbi la chaki kwenye vidole. Mdogo wake alikuwa amekalishwa juu ya bidoni lililolazwa, miguu haifiki chini. Yaya alisimama mbele yake na daftari wazi, akiita majina ya darasa lake zima, moja baada ya jingine, kwa sauti ya mwalimu. Na kwa kila jina, hata la wasichana, mtoto alirusha mkono juu na kupiga kelele lile "présent" la darasani, yaani nipo:

"Peza!"